Kozi za gemu za mtandaoni zina faida? Mimi nimetoka nazo na bao

Vijana wa hapa Kisauni wananiuliza kila mara hizi kozi za mtandaoni za kuprogramu gemu ni za kweli au ni za kula pesa za watu, na majibu wanayopewa na wengine ndo yananikera. Mmoja anaambiwa lipa upate cheti, bila cheti hakuna kitu. Mwengine anaambiwa usitoe hata ndururu, kila kitu kiko bure YouTube. Mimi nimesoma za kulipia na za bure, na sasa nina gemu ya bao inacheza kwa simu, bao lenyewe la mashimo 32 na kete 64, namua na mtaji, zile awamu mbili za mchezo, vyote ndani, kwa hivyo naongea kitu nakijua.

Zina faida, tena kubwa, lakini faida yenyewe iko mwanzoni. Kozi nzuri itakuonyesha mapema kwamba gemu yoyote ni mzunguko, inasoma kidole cha mchezaji, inapiga hesabu, inachora, halafu inarudia, mara 60 kwa sekunde hivi. Itakuonyesha kwamba mwendo wa kitu unauzidisha na delta, yaani muda uliopita tangu fremu, yaani picha, ya nyuma, la sivyo gari linalotembea vizuri kwa laptopu yako litakimbia mara mbili kwa simu ya skrini inayochora mara 120 kwa sekunde. Haya peke yako utazunguka nayo sana. Mimi niliyapata kwa kozi ya gemu ya CS50, ya Harvard, ambayo unasoma bure kabisa, mnaanza na Pong, mnakuja Flappy Bird, Breakout, kwa lugha ya Lua na kitu cha kutengenezea gemu kinaitwa LÖVE. Hapo ndo nikafahamu kugawa gemu kwa hali: menyu ni hali yake, kucheza ni hali yake, kushinda hali yake, kila moja na sheria zake. Nilipofika kwa bao nikaweka namua hali moja na mtaji hali nyengine na sheria hazikugongana. Kwa hilo tu kozi imeshanilipa, na sikuimaliza, wala sioni haja ya mtu kuimaliza kama tayari ana gemu yake kichwani.

Ile ya kulipia nilishikizwa na jamaa mmoja wa saiba, akaniapia ina masaa mengi ya vidio na mwalimu anajibu maswali. Ilikuwa kwa ofa, elfu mbili na ushee. Nafungua, vidio zote ni za Godot 3, injini ya kutengenezea gemu, na mimi nina Godot 4, iliyotoka Machi 2023! Yeye anaandika KinematicBody2D, kwangu haipo, siku hizi ni CharacterBody2D. Anaandika yield, kwangu ni await. move_and_slide yake anaitia mwendo kwenye mabano, yangu haitaki kutiwa kitu, mwendo unauweka kwenye velocity kabla hujaiita. Kila baada ya laini mbili nyekundu, yaani kosa. Nikashuka kwenye maswali, watu wameuliza hayo hayo tangu zamani na hakuna aliyejibiwa. Hii inaniuma kwa ajili ya wanaoanza, manake mtu mgeni ataona kichwa chake ndo kizito na ataacha, kumbe kozi imechacha. Kabla hujatoa pesa tazama toleo la injini, tazama lini vidio zimeguswa mwisho, tazama kama mwalimu amejibu mtu karibuni. Na Godot yenyewe ni bure, faili lake ni la MB tu, si kama Unity, injini nyengine, unamaliza bando la GB kadhaa kabla hujachora hata duara.

Sasa bao. Sikuona kozi inayofundisha bao, na hapo ndipo nilipojifunza kweli. Mashimo niliyaweka kama orodha ya namba, 16 kila mchezaji, nane za mbele nane za nyuma. Na kwa kuwa wachezaji wanatazamana, shimo langu namba 0 linatazamana na lake namba 7, langu 1 na lake 6, basi shimo la mbele ni 7 kutoa namba yangu, kwisha. Kete zilizoliwa zinaanzia kichwani, shimo la mwisho la safu ya mbele, ya mwisho ikiangukia penye kete mchezo unaendelea, ikiangukia patupu inalala, zamu imekwisha. Nikaandika yote, ikafanya kazi, nikawapelekea wazee wa barazani saa zile za kahawa baada ya laasiri. Mzee mmoja akabonyeza shimo, kufumba na kufumbua bao limeshabadilika lote.

"Mwanangu, kete zangu zimekwenda wapi?"

"Ami, umeliwa, simu imehesabu yenyewe."

"N'meliwa vipi na sijaona mkono ukitembea?" Akanirudishia simu yangu.

Na ana haki yake, manake mchezaji wa bao anafuata kete kwa jicho moja moja mpaka inapolala. Nikaenda kutumia njia ya kwenye ile kozi ya kulipia, walivyofanya kwa sarafu zinazoruka, ila pa yield yao unaweka await, amri ya kusubiri, katikati ya kumwaga ili kila kete isubiri kidogo. Ikapendeza ajabu, nikatia na sauti, nilirekodi komwe halisi zikianguka kwa bao letu la nyumbani. Kumbe mchezaji wa pili hana subira, kete bado zinatembea yeye keshagusa shimo jengine, hesabu ya pili inaanza ya kwanza haijaisha, nikihesabu bao zima nakuta kete 67. Mara nyengine 61. Kwa bao la 64!

Dawa yake naipenda mpaka leo. Hesabu nikaiweka kando na maonyesho kando. Hesabu inamaliza mchezo wote papo hapo, lakini kila hatua inaiandika kwenye orodha: toa la 3, weka moja la 4, weka moja la 5, kula la mbele. Halafu skrini inasoma ile orodha taratibu, kete baada ya kete, na vidole vyote vimefungiwa mpaka iishe. Na kila mwisho wa zamu programu inajumlisha mashimo yote na kete za mkononi, isipopata 64 inasimama hapo hapo na kuniambia. Nikaweka na kikomo cha hatua, kwa sababu kwa bao kuna mipango ya kete inayoweza kuzunguka bila kulala. Uzuri zaidi ni kwamba orodha ikishakuwepo unaweza kuirudia. Mzee akibisha kwamba ameibiwa nabonyeza rudia, anaangalia polepole, anahesabu kwa kidole, anakubali. Yule yule aliyenirudishia simu ndo sasa ananiuliza toleo jipya linatoka lini.

Wazee hao hao wamenifaa kwa Google Play. Akaunti ni dola 25 mara moja tu, lakini ukifungua akaunti mpya ya binafsi unatakiwa uwe na watu 12 wa kuijaribu gemu siku 14 mfululizo kabla ya kuitoa kwa umma, na barazani hawakosekani watu 12. Asiyetaka kulipa aweke kwenye tovuti ya itch.io, bure.

Na kuhusu cheti, kazi yangu ya kwanza ya pesa nimepewa na mwalimu wa chekechea aliyetaka gemu ya herufi kwa watoto wake. Hakuuliza nimesoma wapi, alisema leta simu nione, akacheza bao dakika chache, tukaanza kuongea bei.

Sasa hivi naifundisha simu icheze bao yenyewe. Nimeanza kwa njia nyepesi, ijaribu kila shimo na ichague linalokula kete nyingi zaidi, na barazani wanaifunga bila shida, kwa hivyo hatua inayofuata ni iangalie na jibu la mpinzani pia. Kwa hilo nimeshapata kozi ya bure na nitasoma mlango huo mmoja tu.