Bibi Aliyejibu "Hapana"

Siku ya sensa ya Uingereza na Wales, tarehe 21 Machi 2021, ilitukuta London bado tumejifungia kwa sababu ya korona, nami nilikuwa nikiwasaidia majirani kwa simu kujaza fomu ambayo safari hiyo wengi walitakiwa kuijaza kwenye mtandao. Kazi yangu ya kila siku ni ukalimani wa hospitali na zahanati huku mashariki ya jiji, kwa hiyo wenzetu wa Afrika Mashariki waliokwama walinitafuta mimi. Mmoja wao alikuwa bibi wa Kibajuni, mzaliwa wa visiwa vya karibu na Kismayu, Somalia, aliyeingia nchi hii kama mkimbizi akiwa mtu mzima. Tulikwenda vizuri mpaka tukafika kwenye swali jipya lililotaka kujua kama jinsia anayojitambulisha nayo mtu ni sawa na ile iliyosajiliwa alipozaliwa. Nikalifasiri neno kwa neno. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Hapana, mwanangu. Mimi sikuandikwa popote."

Jibu lake lilikuwa la kweli kabisa, kwa sababu kisiwani kwao hakupata kufika karani mwenye daftari la vizazi. Lakini kama ningebonyeza alilosema na kuendelea mbele, bibi huyo mwenye wajukuu tisa angeingia katika hesabu ya taifa kama mtu aliyebadili jinsia.

Sensa ile ilikuwa ya kwanza nchini humu kuuliza mwelekeo wa kimapenzi na utambulisho wa kijinsia. Maswali hayo yaliwahusu watu wa miaka 16 na zaidi, na yalikuwa ya hiari. Matokeo yalipotangazwa Januari 2023, watu milioni 1.5, yaani asilimia 3.2, walikuwa wamejitaja kuwa si wa mwelekeo wa kawaida wa mume na mke, na asilimia 7.5 hawakujibu. Kwa upande wa jinsia, watu 262,000, sawa na asilimia 0.5, walisema jinsia yao si ile iliyosajiliwa. Hapo ndipo wataalamu walipoanza kukuna vichwa, kwani eneo lililoongoza kwa majibu hayo halikuwa Brighton, mji unaojulikana kwa watu wa mapenzi ya jinsia moja na ulioongoza kwa zaidi ya asilimia 10 katika lile swali la mwelekeo. Lililoongoza lilikuwa Newham, mtaa wa wahamiaji hapa London, likifuatiwa na Brent, mtaa mwingine wa wahamiaji. Mwanasosholojia Michael Biggs wa Oxford alionyesha kwamba waliosema hawajui Kiingereza vizuri walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuhesabiwa hivyo. Tena, kati ya wale 262,000, watu 118,000 walijibu "hapana" bila kuandika neno lolote katika nafasi ya kueleza utambulisho wao. Septemba 2024 Ofisi ya Taifa ya Takwimu ikaziondolea takwimu hizo hadhi yake kamili na kuziweka katika kundi la takwimu ambazo bado zinafanyiwa kazi.

Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka yule bibi wa Kismayu, nikajiuliza ni wangapi waliojaza peke yao bila mtu wa kuwauliza wana maana gani.

Wapo waliofurahi, wakasema sasa imethibitika kuwa maswali haya ni upuuzi wa Wazungu na yafutwe. Siungani nao, na sababu zangu nimezipata kazini, ambako zahanati nazo huwauliza wagonjwa maswali kama haya. Mwanamke mwenye mpenzi mwanamke ameambiwa, nami nikiwa mkalimani chumbani, kwamba hana haja ya kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi, jambo ambalo si kweli. Mtu aliyezaliwa na mwili wa kike, akajiandikisha kwa daktari wake kama mwanamume, huweza kurukwa na mfumo unaotuma barua za kuitwa kwenye kipimo hicho hicho. Tafiti za afya za nchi hii zimeonyesha mara nyingi kwamba watu wa mapenzi ya jinsia moja husumbuliwa zaidi na msongo na sonona kuliko wengine, na jambo hilo lisingejulikana bila kuulizwa. Marekani wameichagua njia nyingine: baada ya amri ya rais ya tarehe 20 Januari 2025, idara za serikali kuu zilianza kuondoa swali la utambulisho wa kijinsia katika madodoso yao. Watu waliokuwa wakihesabiwa bado wapo na bado wanaugua, ila sasa wanaugua nje ya daftari.

Tatizo basi ni namna ya kuuliza, na hapa Kiswahili chetu kina raha na karaha zake. Kiwakilishi "yeye" hakimbagui mwanamume na mwanamke, kwa hiyo Mswahili anaweza kusimulia habari za mtu kutwa nzima bila kutaja jinsia yake. Lakini neno "jinsia" lenyewe linabeba maana mbili ambazo Kiingereza kimezitenga, ule mwili tuliozaliwa nao na ile nafasi tunayojiona tunayo katika jamii. Wanaharakati na baadhi ya wasomi wa Tanzania wamejaribu kuzitenga kwa kusema "jinsi" na "jinsia", ila mbele ya mgonjwa mwenye homa tofauti hiyo ya herufi moja haisikiki. Kwa mwelekeo wa kimapenzi hali ni ngumu zaidi, kwa maana maneno tuliyorithi karibu yote ni matusi, na lile lisilokuwa tusi limegeuzwa. Mama yangu kule Tanga mpaka leo ana shoga yake wa tangu usichana, na wakiitana hivyo barazani hakuna anayegeuka. Neno hilo hilo nikilitamka mbele ya kijana katika zahanati ya London, nimekwisha kumhukumu.

Kwa hiyo huwa ninauliza kwa sentensi badala ya neno: je, huvutiwa kimapenzi na wanaume, na wanawake, au wote? Najua kwamba nimebadilisha swali, kwa sababu kuvutiwa ni jambo moja, kutenda ni la pili, na kujiita jina fulani ni la tatu. Watafiti wa Ukimwi waliligundua hili zamani, ndiyo maana wakaanza kusema "wanaume wanaofanya ngono na wanaume", maana baadhi ya wanaume hao wana wake na wasingekubali jina lolote.

Liko jambo lingine ambalo tafsiri haiwezi kulitibu. Wakati mmoja, sitataja mwaka wala mtaa, niliitwa kumfasiria mwanamume wa pwani yetu. Muuguzi alipofika kwenye ukurasa wa maswali haya, yule bwana aliniangalia, akaniuliza kwa upole mimi ni mzaliwa wa wapi. Nikamwambia. Akasema, "Basi dada, nisamehe, bora nibabaishe kwa Kiingereza changu," nami nikatoka nikakae ukumbini. Sikukasirika hata chembe. Anakotoka, kifungu cha sheria kinaruhusu kifungo cha maisha, na mimi nina ndugu, nina simu, nina harusi za kuhudhuria. Kiapo changu cha kutunza siri yeye angekipimia wapi? Sensa ilikuwa na dawa ya jambo hili, kwani mtu wa miaka 16 na zaidi aliweza kuomba fomu yake binafsi akaijaza bila watu wa nyumbani kwake kujua, na kumbukumbu zenyewe hufungwa kwa miaka 100. Zahanati nyingi nilizofanyia kazi hazina chochote cha namna hiyo. Nimeshuhudia mtoto wa kiume wa miaka 14 akimfasiria mama yake dodoso hili, na sehemu hiyo akairuka, akamwambia muuguzi kwamba mama amesema "hakuna".

Wakuu wa takwimu wameshapendekeza kwamba sensa nyingine ifanyike mwaka 2031, na maneno ya maswali hayo yanaweza kurekebishwa. Scotland waliuliza kwa njia tofauti mwaka 2022, wakitumia swali la moja kwa moja kuhusu kubadili jinsia. Mimi ninaipenda zaidi njia ya hatua mbili, ambayo watafiti wengi wanaipendekeza, kwa sababu inafasirika. Mwezi uliopita nilimpigia simu bibi wa Kismayu nikamjaribu. Je, ulipozaliwa walisema huyu ni mtoto wa kike au wa kiume? "Wa kike," akajibu. Na leo, wewe mwenyewe unajiona ni nani?

"Mwanamke," akasema, huku akicheka. "Kwani wewe waniona nani?"