Unaomba shahada ya biashara? Anza na hesabu ya alama zako

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, swali la wengi Tanzania ni chuo: UDSM, Mzumbe, IFM au CBE? Hilo ni swali la pili. La kwanza ni programu, kwa sababu majina yanafanana na milango yake ni tofauti. Anayetaka kuwa mhasibu mwenye CPA (cheti cha mhasibu aliyethibitishwa) atakutana na mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, na shahada ya uhasibu humpunguzia ngazi za kuanzia. Anayetaka ununuzi na ugavi atahitaji kusajiliwa na PSPTB, bodi ya wataalamu wa fani hiyo. Shahada ya jumla ya usimamizi wa biashara ni nzuri, lakini ukiwa na nia ya uhasibu hesabu kwanza ni mitihani mingapi ya bodi itakayokusubiri baadaye.

Sasa alama. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, hutoa mwongozo kila mwaka, mmoja wa wahitimu wa kidato cha sita na mwingine wa wenye sifa linganishi kama stashahada. Pakua unaokuhusu, soma mstari wa programu yako hadi mwisho. Kiwango cha chini ni ufaulu wa principal mbili (masomo mawili ya mchepuo yaliyopata A hadi E) zenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. D mbili zinatosha, C na E zinatosha, D na E hazifiki. General Studies haihesabiwi. Mwenye stashahada huangaliwa GPA ya 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne.

Wanaoumia zaidi ni wale wenye pointi za kutosha waliokosa sharti dogo la mwishoni, hasa hisabati. Programu nyingi za biashara zinataka ufaulu wa hisabati wa kidato cha nne, au angalau subsidiary (ufaulu wa chini ya principal) ya hisabati ya kidato cha sita kama hukusoma Advanced Mathematics. Mtu wa mchepuo usio na Advanced Mathematics, kama HGE au HKL, aliyepata F ya hisabati asipoteze ada ya maombi kabla ya kusoma mstari huo. Kumbuka pia kwamba kiwango cha chini kinakupa haki ya kuomba tu. Nafasi hugombewa, kwa hiyo weka chaguo moja unalolitamani na mengine ambayo alama zako zinayazidi.

Tangu 2017 maombi hupelekwa chuoni moja kwa moja, si kupitia mfumo mmoja wa TCU. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu, kabla ya tarehe ya mwisho. Ndiyo maana laini uliyojazia fomu isiwe ya kuazima. Namba ya mtihani wa kidato cha nne unayotumia chuoni iwe ileile utakayotumia Bodi ya Mikopo. Aliyerudia mtihani ana namba mbili, na akizichanganya majina yake hayatakutana kwenye mifumo, na bumu (fedha za mkopo za kujikimu) litachelewa au lisije.

Ukishaingia, mzigo wa mwaka ni krediti 120 hivi, na krediti moja ni saa 10 za kazi. Saa 1,200 haziishi darasani. Nyingi ni zako mwenyewe, na hapo ndipo wengi huteleza. Fanya hesabu hii mapema. Katika mgawanyo wa alama 40 za majaribio kwa 60 za mtihani wa mwisho (UE), mwenye 18 za majaribio anahitaji 52 kati ya 60 kwenye UE ili afike 70 ya A. Mwenye 30 anahitaji 40. Yaani A hutengenezwa wiki ya nne, kwenye jaribio la kwanza ambalo wengi hulichukulia la kujipasha moto.

Somo mojawapo linaloleta sapu (mitihani ya marudio) mwaka wa kwanza ni uhasibu, na si kwa sababu ni gumu. Waliotoka ECA, mchepuo wenye uhasibu, hudhani wanalijua, wa michepuo ya sayansi kama PCM na CBG huanza na debiti na krediti wakati darasa limeshakwenda. Dawa ni kufanya maswali huku ukipima muda, kalamu mkononi. Kusoma majibu ya mwenzako hakufundishi. Urari ukigoma, yaani jumla ya debiti na ya krediti zisipolingana, usianze upya. Tofauti ikigawanyika kwa 9, tafuta tarakimu zilizobadilishana nafasi: 540 iliyoandikwa 450 huacha 90. Isipogawanyika, igawe kwa 2, kisha tafuta kiasi hicho. Huenda kimeingizwa upande usio wake. Dakika mbili hizo huokoa swali zima.

Kazi za vikundi zigawanywe kwa maandishi siku ya kwanza, jina na sehemu yake, maana mhadhiri hutoa alama moja kwa wote.

Fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, itafutwe miezi kadhaa kabla, kwa barua ya utambulisho ya chuo, na uombe idara inayohusiana na programu yako. Mwanafunzi wa fedha akiishia kupanga mafaili mapokezi, ripoti yake haitakuwa na la kusema. Logibuku, daftari la kazi za kila siku za fildi, ijazwe jioni ileile na isainiwe kila wiki. Msimamizi akihamishwa kituo, saini za wiki zote hazipatikani kwa siku moja.