Chenso ikigoma asubuhi, usikimbilie plagi

Kuanzia Juni baridi ikishika huku Mufindi, simu huanza kuita kabla sijanywa chai, na nyingi zina malalamiko yaleyale ya chenso, ile misumeno ya mnyororo ya kukatia miti. "Fundi, jana jioni mashine nimeizima mwenyewe ikiwa nzima. Leo nimevuta kamba mpaka bega limekufa ganzi, haitaki." Namuuliza: ikishawaka, inasumbua? "Wala! Ikishapata moto naizima na kuiwasha siku nzima bila tabu."

Jibu hilo ndilo ninalolitafuta. Chenso inayowaka vizuri ikiwa ya moto, mara nyingi plagi na koili yake, vile vinavyotoa cheche ya kuwashia, hazina kosa. Koili ikianza kufa hufanya kinyume: asubuhi inawaka, ikichemka inazima, na hairudi mpaka ipoe. Lakini nenda maduka ya vipuri pale Mafinga mwezi wa saba uone watu wanachonunua. Plagi.

Tatizo la asubuhi kwa kawaida ni la mafuta. Petroli ikiwa majimaji haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Kwenye baridi mvuke unaotoka ni kidogo, na petroli nyingine inabaki imenata kwenye kuta za injini bila kazi. Ndiyo maana kuna choki: inaziba hewa ili injini ivute mafuta mengi kupita kiasi, angalau hicho kidogo kinachogeuka mvuke kitoshe. Kwa hiyo chochote kinachopunguza mafuta, hata kidogo tu, kitajionyesha asubuhi, na mchana hutakisikia kabisa.

Mzee mmoja wa Igowole aliniletea yake akiwa ameifunga kwenye mfuko wa mbolea. Kamwene, kamwene, tukasalimiana, nikampa kigoda. Plagi ilikuwa mpya, bado inang'aa. Nikamwambia, "Baba, iwashe kama unavyoiwasha nyumbani, mimi nitakaa pembeni." Nawaomba hivyo wote, kwa sababu nusu ya mashine zinazoletwa kwangu hazina ugonjwa, ni mkono tu. Mtu anafunga choki, anavuta, injini inakohoa mara moja, yeye hasikii, anaendelea kuvuta choki ikiwa bado imefungwa. Hapo ameshaizamisha. Ukisikia kikohozi tu, toa choki, weka pale pa kuwashia kwa nusu mafuta, ndipo uvute tena. Kwenye Stihl nyingi ni kitasa kimoja unachokipandisha hatua kwa hatua. Kwenye Husqvarna nyingi unavuta choki yenyewe, na ukiirudisha nusu mafuta hubaki. Iliyozama ni rahisi kuitibu: fungua plagi, acha choki wazi, vuta kamba mara kadhaa mafuta yatoke, kausha plagi, rudisha. Ila mafuta hayo yanaruka, kwa hiyo usithubutu kupima cheche karibu na tundu hilo.

Mzee hakuwa na kosa. Breki ya cheni ameifunga, mashine iko chini, mguu umekanyaga mshikio wa nyuma. Vijana wengi wa kwetu huivuta ikining'inia mkononi, siku ikiwapata wataelewa. Alivuta, akavuta. Hakuna hata kikohozi.

Nikafungua plagi. Kavu kabisa.

Ukivuta kiasi kile choki ikiwa imefungwa, plagi lazima ilowe. Ikiwa imelowa na haiwaki, ndipo uwaze cheche. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki, na plagi mpya hata za boksi zima hazitakusaidia.

Nilianza na petroli yenyewe, maana vijijini tunanunua ya chupa, na chupa haisemi imepitia wapi. Mnakumbuka enzi za uchakachuaji, mafuta ya taa yanamwagwa kwenye petroli. Mafuta ya taa hayageuki mvuke kirahisi, na kwenye baridi ya huku injini haitaki hata kuyasikia. Mimi hudondosha tone la petroli kabla haijachanganywa na oili kwenye karatasi nyeupe: petroli safi inakauka na kuondoka, iliyochanganywa inaacha doa la mafuta. Yake ilikuwa safi. Wala haikuwa imelala. Petroli ikikaa miezi kwenye tangi, sehemu yake nyepesi, ile inayowasha asubuhi, ndiyo hupotea kwanza. Oili ya 2T, ile ya kuchanganya na petroli, aliweka mililita 100 kwa lita 5, kipimo cha 50 kwa 1, sawa na mashine yake. Wanaoongeza oili "kwa ajili ya usalama" wanajichafulia plagi bure.

Nikatoa filta ya hewa, nikachungulia kwenye koo la kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa: kibati cha choki kinafunga mpaka mwisho. Hapo usipapuuze. Kibati kikibakiza upenyo kidogo, hewa inapita na mvuto wote unapotea. Mpira wa mafuta nao niliukunja kwenye maungio. Mara nyingi hupasuka pale unapotoka tangini, na ufa huo huvuta hewa badala ya petroli. Ulikuwa mzima, na filta ndogo ya ndani ya tangi nayo ilikuwa safi.

Ikabaki kabureta. Chini ya kifuniko kuna daiaframu, utando mwembamba unaosukuma kijiti, kijiti kinafungua kisindano, petroli inaingia. Utando mzima ni laini, ukiugusa unabonyea bila sauti. Ule wa mzee ulikuwa mkavu kama ngozi ya ngoma, ukiubonyeza unalia "tak". Mkono wa mtu hauwezi kuzungusha injini kwa kasi ya kutosha kuutikisa utando mgumu namna hiyo. Injini ikishawaka mvuto unakuwa mkubwa, joto nalo linaulainisha kidogo, basi mchana kutwa inafanya kazi na mwenyewe anaapa mashine ni nzima.

Tukaweka ripea kiti: daiaframu zote mbili, gasketi na kisindano. Ikakohoa, akatoa choki, ikawaka. Mzee aliniachia hela kidogo na viazi mviringo vya kutosha, na sikulalamika.

Kuna jambo moja la huku juu ambalo mafundi wa Dar hawakutani nalo. Chenso iliyosetiwa pwani ikifika Mufindi, hewa ni nyepesi, kwa hiyo mafuta yanazidi: inatoa moshi na kulemewa. Fundi anaibana misumari ya kabureta, zile skrubu za kurekebishia mafuta, saa saba mchana jua likiwaka, inalia vizuri, mteja anaondoka anafurahi. Kesho alfajiri haiwaki, kwa sababu ule msumari wa L, wa mwendo wa chini, umebanwa mno. Nyingi huanzia kwenye mzunguko mmoja kutoka pale unapogota, kisha unarekebisha kidogo kidogo. Wa H, wa mwendo mkali, usiubane kwa kubahatisha. Mafuta yakipungua mashine ikiwa kwenye mwendo mkali, pistoni inaungua, na hapo hatuongei tena habari za kabureta.

Kabla ya kununua chochote, zima swichi, shika kamba kwa kishikio chake, uinue chenso ining'inie kwayo. Kama ina kitufe cha kupunguza mgandamizo, hakikisha hakijabonyezwa. Ikishuka kwa kusitasita, mgandamizo upo, endelea na niliyoyaeleza. Ikiteremka moja kwa moja bila kizuizi, ringi zimekwisha au silinda imekwaruzika; usipoteze hela kwenye ripea kiti, ilete tufungue silinda.