Usiku Alipofariki Balu Mahendra

Tarehe 13 Februari 2014 nilikuwa mwaka wa pili wa masomo mjini Chennai, India, nikiwa nimepanga chumba kwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli. Jioni ile nilimkuta mbele ya runinga akifuta machozi, kwa sababu mwongozaji Balu Mahendra alikuwa amefariki. Alinivutia kiti, akatia diski ya Azhiyatha Kolangal, filamu ya mwaka 1979, akaanza kunitafsiria.

Mimi nimekulia Pangani, na picha za Kihindi nilizozijua ni zile za vibanda vya video, ambamo wapendanao hawakutani bila kuimba. Hapa wimbo wa Salil Chowdhury ulisikika huku waigizaji Shoba na Prathap Pothen wakitembea kimya, na mwanga ulikuwa ule ule wa jua la kawaida. Wavulana watatu wa kijijini, ambao ndio kwanza wanabalehe, wanamwangalia mwalimu wao mgeni kwa hamu wasiyoweza kuieleza. Mzee alisimamisha diski akaniambia kwamba Balu alizaliwa karibu na Batticaloa, Sri Lanka. Kwamba aliyapenda mambo ya filamu tangu utotoni, alipomwona mwongozaji Mwingereza David Lean akipiga filamu huko kwao. Kwamba alisomea upigaji wa filamu mjini Pune, India, na kwamba mengi ya watoto wale aliyachota katika utoto wake mwenyewe. Shoba, aliyecheza mwalimu, alifariki mwaka 1980 akiwa na umri wa miaka 17, na mzee alilitamka jina lake kama la binti yake.

Alijivunia pia wanafunzi wa Balu. Mwaka uliofuata alinichukua kuitazama Kaaka Muttai ya M. Manikandan, ambayo Vetrimaaran, mmoja wa wanafunzi hao, aliitayarisha pamoja na mwigizaji Dhanush. Ndugu wawili wa mtaa wa mabanda mjini Chennai wanaokota makaa yaliyodondoka kutoka kwenye treni ili wapate fedha za kununua piza, na mzee wa reli alinong'ona kuwa watoto wa namna hiyo aliwaona kila siku kazini.

Lakini usiku ule wa kwanza ndio ulionishika. Mmoja wa wavulana watatu alipokufa maji, nilishindwa kuendelea kutazama. Sisi pia tulikuwa watatu, na mto Pangani ulimchukua mmoja wetu tukiwa darasa la sita. Tangu mazishi, nyumbani hakutajwa tena mbele yetu watoto, kwa kudhani kwamba hivyo ndivyo tungesahau, nami nikazoea kunyamaza hadi nikawa mtu mzima. Nilimsimulia mzee yote, tangu tulipovua mashati ukingoni hadi wavuvi walipomleta kwa mtumbwi. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza rafiki yangu aliitwa nani, nami nikalitaja jina lake.