Siku yangu moja: viatu vya mtumba na jani la isale

Saa kumi na moja alfajiri baridi ndiyo inayoniamsha. Huku Old Moshi mwezi wa saba blanketi moja halitoshi. Saa kumi na mbili niko kanisani kwa ibada ya asubuhi: akina mama kumi na mmoja, mzee wa kanisa mmoja, na mimi. Nahubiri kwa kifupi, wengine ng'ombe wanawasubiri.

Saa mbili ofisini. Vyeti vya ubatizo, barua ya wachumba, fundi anadai hela ya bati. Tuyaache.

Saa nne nafungua vitabu. Jumapili nina Wakorintho wa Pili sura ya 5, huduma ya upatanisho. Biblia yangu ni Union Version, tafsiri ya 1952, na jalada linashikiliwa na gundi. Nina vitabu vitatu vya ufafanuzi, vyote vya Wazungu, na vyote vinaeleza upatanisho kwa mifano ya mahakama na madeni. Sivibezi, ila bibi yangu alipatanisha watu maisha yake yote bila kuiona mahakama. Aliyeandika kwa kina desturi zetu ni Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyeishi hapahapa Old Moshi. Mwaka 1926 alichapisha kitabu kinene cha sheria za Wachaga, kwa Kijerumani. Mambo ya babu zangu yamo humo na mimi siwezi kuyasoma. Kila nikikumbuka nakereka.

Saa sita niko Kiboriloni kwenye mitumba, natafuta viatu vya shule vya mtoto. Mama anataja elfu ishirini, mimi kumi. Anacheka: "Baba mchungaji, mjaribishe kwanza, tutapatana tu." Nikabaki na kiatu mkononi. Kupatana: mimi nimpate yeye, yeye anipate mimi. Yeye ashuke kidogo, mimi nipande kidogo. Neno nililolitafuta tangu saa nne lilikuwa sokoni. (Tulipatana elfu kumi na nne, na soli moja imeanza kuachia.)

Ila njiani, juu ya bodaboda, nikaona Paulo hasemi hivyo. Kwake hakuna kukutana katikati. Aliyekosewa ndiye anayeshuka mpaka chini.

Saa tisa nilikuwa na kesi ya kaka na mdogo wake, wote wana mvi. Mdogo aling'oa masale, mimea ya mpaka wa kihamba (shamba la ukoo), akayapanda upya hatua mbili ndani ya shamba la kaka yake. Kwetu isale hupandwa mpakani, hupandwa makaburini, na jani lake ndilo la kuombea msamaha. Ukiletewa, si rahisi kukataa. Nilipotoka chuoni ningelikemea hilo jani kama mambo ya mila. Siku hizi nanyamaza.

Mdogo mtu alilishika kwa mikono miwili, amelipiga fundo. Mkono wa kushoto ulikuwa unatetemeka. Kaka mtu hakumtazama usoni, alilitazama jani, akaligusa vumbi kwa kidole.

"Hili umelikata kwenye mpaka uleule?"

Hakuna aliyejibu. Mzee wa kanisa aliyekuja nami alikohoa, nadhani alikuwa anaficha kicheko. Kaka akalichukua, akalitia mfuko wa koti, akaingia ndani bila neno. Tukakaa uani kama nusu saa. Shemeji yao akatuletea chai, tukanywa, tukaondoka.

Jioni mazoezi ya kwaya. Sauti ya tatu bado haijakaa. Saa tatu usiku nikarudi kwenye mahubiri, nikafuta ukurasa mzima wa mahakama. Niliandika kuhusu yule mama wa viatu, nikaufuta nao, kisha nikaurudisha.

Saa nne kasorobo simu ikaita. Mdogo mtu.

"Mchungaji, kaka amenipigia. Anasema amenisamehe." Akanyamaza kidogo. "Ila anasema kesho asubuhi niende na futi kamba."