Kabla hujaagiza baiskeli mtandaoni, tafuta kwanza fundi atakayeifunga

Bei unayoiona kwenye simu ni bei ya boksi. Ndani ya boksi kuna fremu iliyoshafungwa gurudumu la nyuma, kranki (mikono inayobeba pedeli) na cheni. Gurudumu la mbele, usukani, kiti na pedeli vimelazwa pembeni na kubanwa kwa kamba za plastiki. Wauzaji wengi huandika kwamba baiskeli "imefungwa asilimia 85". Hiyo 15 iliyobaki ni kazi ya fundi, na hata ile 85 lazima ikaguliwe upya, kwa sababu kiwandani baiskeli hufungwa haraka na ukaguzi wa mwisho huachiwa duka litakaloiuza. Ukiagiza mtandaoni duka hilo halipo, kwa hiyo kazi yake inakuangukia wewe.

Niseme mapema kwamba mimi nipo upande wa duka la mtaani. Sababu zangu ni za vyuma na vipimo, wala sikuombi umuonee huruma mwenye duka.

Tuanze na habu, yaani kitovu cha gurudumu, maana ndiko baiskeli nyingi mpya zinakofia. Toa gurudumu la mbele la baiskeli ya bei nafuu iliyotoka kwenye boksi, shika ekseli kwa vidole viwili, izungushe taratibu. Mara nyingi utahisi inakwaruza, kana kwamba kuna mchanga ndani. Mchanga hakuna. Koni, zile nati zenye mteremko zinazobana gololi kwenye ekseli, zimekazwa mno, na grisi iliyowekwa ni ya kupaka tu. Ukiendesha hivyo hivyo, gololi zinachimba vishimo kwenye koni na kwenye kikombe zinamokaa. Baada ya muda gurudumu linaanza kukoroma, kisha linacheza kulia na kushoto. Koni unaweza kununua mpya, lakini kikombe kipo ndani ya habu yenyewe. Kikishachimbika habu imekwisha, na gurudumu zima linasukwa upya.

Kurekebisha hakuchukui hata nusu saa ukiwa na spana nyembamba za koni, kwa kawaida milimita 13 kwa mbele na 15 kwa nyuma. Unashika koni kwa spana moja, unalegeza nati ya kufungia kwa nyingine, unairudisha koni nyuma kidogo, robo mzunguko au pungufu, halafu unakaza nati huku koni umeishikilia isizunguke. Ekseli ikizunguka laini bila kucheza, umepata. Kwenye magurudumu ya kufungwa kwa mkono wa haraka, ule unaokunjwa bila spana, unaacha mchezo mdogo sana makusudi, kwa sababu ule mkono ukibanwa unaikandamiza ekseli na mchezo unapotea. Fundi makini hataishia hapo. Atafungua kabisa, atafuta grisi ya kiwandani na kuweka mpya ya kutosha. Gololi za mbele kwa kawaida ni za inchi 3/16, kumi kila upande; za nyuma ni za inchi 1/4, tisa kila upande. Fundi anayezihesabu kabla ya kuzirudisha anaijua kazi yake.

Kosa la pili kwa wanaojifungia nyumbani ni pedeli. Pedeli ya kushoto ina uzi wa kinyume. Kila pedeli ina herufi kwenye ncha ya ekseli: R ya kulia, L ya kushoto. Ukilazimisha ya kulia iingie kushoto, itaingia mizunguko miwili mitatu huku inakata uzi wa kranki, na kranki ya alumini haina msamaha. Anza kwa vidole, paka grisi kwenye uzi, na ukiona ugumu tangu mwanzo simama. Zote mbili hukazwa kwa kuzungusha kuelekea gurudumu la mbele, kisha unamalizia kwa spana ya 15 kwa nguvu ya kutosha.

Foku, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, nayo hufungwa kinyume mara nyingi kuliko unavyodhani, kwa sababu kwenye boksi huwa imegeuzwa ili kupunguza nafasi. Mkunjo wa foku uelekee mbele, na kama kuna breki ya diski, kifaa chake kwa kawaida kinakaa mguu wa kushoto. Ikibaki imegeuzwa, gurudumu linasogea nyuma, ncha ya kiatu inaligusa ukikata kona, na baiskeli inayumba. Kwenye shingo za zamani za kuchomeka kuna mstari unaoonyesha kina cha mwisho: ukiuona mstari huo juu ya nati ya shingo, usukani umeinuliwa kupita kiasi na unaweza kuchomoka ukiwa barabarani.

Gia ni habari nyingine kabisa. Boksi hutupwa, hulaliwa na mizigo mingine, na kinachopigwa kwanza ni direla ya nyuma, ile inayosogeza cheni. Kwenye fremu nyingi za alumini direla imeshikwa na kipande kidogo ambacho kimetengenezwa kipinde chenyewe ili fremu isivunjike. Kikipinda milimita chache tu, gia zinaruka, na mbaya zaidi ni kwamba ukiweka gia nyepesi ya kupandia mlima, direla inaingia kwenye spoku. Hapo unapoteza direla, spoku kadhaa na pengine cheni kwa pigo moja. Skrubu yenye herufi L huzuia direla isiende huko, lakini haisaidii kama kipande chenyewe kimepinda. Na vipande hivi viko vya maumbo mengi mno, kila kiwanda na chake. Kama umeagiza fremu isiyo na jina linalojulikana, hakuna duka Kariakoo wala Nairobi litakaloweza kukuhakikishia kipande cha kwako. Ukiamua kuagiza hata hivyo, mwambie muuzaji aweke kipande cha akiba kwenye boksi hilo hilo.

Sasa tairi, mahali ambapo pesa nyingi hupotea kimya kimya. Watu wanaagiza kwa inchi, na inchi za baiskeli haziaminiki. Tairi ya 26 x 1⅜ na tairi ya 26 x 1.95 zote zinaitwa ishirini na sita, lakini ya kwanza inakaa kwenye ringi ya milimita 590 na ya pili kwenye ringi ya 559. Haziingiliani hata ufanyeje. Mtego mkubwa zaidi uko kwenye 28. Foniksi, Hero na Avon, zile baiskeli za kazi zilizobeba mkaa, maziwa na ndizi za nchi hizi, zinatumia 28 x 1½, yaani milimita 635. Baiskeli za mtumba kutoka Ulaya nazo zimeandikwa 28, ila nyingi ni milimita 622, sawa na zile zinazoitwa 700C. Tofauti ni milimita 13 tu. Kwa macho zinafanana, na mtu anaagiza jozi mbili kwa sababu bei ilikuwa nzuri, kisha zinabaki stoo.

Soma namba ndogo iliyochorwa ubavuni mwa tairi yako ya sasa, kwa mfano 47-559. Ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha mahali tairi inapokaa kwenye ringi. Ya pili lazima ilingane kabisa. Ya kwanza inaweza kupishana kidogo, mradi tairi isikwaruze fremu. Duka la mtaani halihitaji hesabu hii, kwa sababu unalipeleka gurudumu lenyewe na tairi inajaribiwa mbele yako.

Angalia pia tundu la valvu. Valvu nyembamba ya baiskeli za mbio inapita kwenye tundu la milimita 6.5, na ile nene ya aina ya gari inataka 8.5. Ukiagiza baiskeli yenye ringi za tundu dogo, tyubu za kawaida za mtaani hazitaingia, na pampu ya fundi wa barabarani haitashika valvu yako bila kiunganishi. Kile cha shaba ni kidogo na cha bei ndogo. Kiache kimefungwa kwenye baiskeli muda wote.

Spoku nazo zina hesabu yake. Baiskeli za kazi za mtindo wa zamani wa Kiingereza zina spoku 32 mbele na 40 nyuma. Mtandaoni ringi nyingi ni za matundu 36 au 32, kwa hiyo ringi nzuri ya kung'aa yenye matundu 36 haina kazi kwenye habu yako ya 40. Duka linalouza ringi za 40 na spoku za urefu wake linakaa na mali hiyo kwa sababu kuna wateja wanaorudi kila mwezi. Wakipungua, bidhaa ya kwanza kuondoka rafuni ni hiyo inayozunguka polepole, na siku spoku tatu za nyuma zikikatika hutapata pa kuzinunua. World Bicycle Relief, shirika lililoanzishwa mwaka 2005 baada ya tsunami ya Sri Lanka, lililiona jambo hili: pamoja na kusambaza baiskeli za Buffalo, linafundisha mafundi na kuhakikisha vipuri vinapatikana karibu na waendeshaji. Naamini huo ndio mpango sahihi.

Kuhusu gharama, wengi wanaoagiza kutoka China kupitia mawakala wa Guangzhou wanapiga hesabu ya bei ya bidhaa na kusahau ukubwa wa boksi. Boksi la kawaida la baiskeli ya mtu mzima lina takriban sentimita 140 kwa 20 kwa 75. Kwa meli hiyo ni mita za ujazo 0.21, na unalipia ujazo. Kwa ndege wasafirishaji hugawanya sentimita za ujazo kwa 6,000, wengine kwa 5,000. Kwa hiyo boksi hilo linahesabiwa kilo 35 hadi 42 hata kama baiskeli ina kilo 15. Ushuru hukokotolewa juu ya bei pamoja na bima na usafiri, kisha VAT inawekwa juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru wenyewe: asilimia 18 Tanzania Bara, 16 Kenya. Ongeza malipo ya fundi wa kuifunga. Halafu linganisha na bei ya dukani, ambapo baiskeli unaipanda kabla ya kutoa hela.

Kupanda ni muhimu kuliko rangi. Simama juu ya baiskeli ukiwa na viatu: kati ya bomba la juu na mwili wako pabaki nafasi ya sentimita mbili tatu kwa baiskeli ya barabarani, tano au zaidi kwa ya milimani. Kaa, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa; mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Picha ya mtandaoni haiwezi kukupa hayo. "Size M" ya kiwanda kimoja ni "L" ya kingine.

Maduka nayo si yote mazuri, na wapenzi wa duka la mtaani tuseme hili wazi. Baiskeli za dukani pia zimetoka kwenye maboksi, na kama mfungaji analipwa kwa idadi anazofunga kwa siku, habu zitabaki zimekazwa vilevile. Kabla hujalipa, inua gurudumu moja moja ulizungushe huku unatazama ringi dhidi ya raba za breki: isiyumbe zaidi ya milimita moja au mbili. Bana spoku mbili mbili kwa vidole kuzunguka gurudumu. Ukikuta nyingine zimelegea na nyingine ngumu, mwambie anyooshe ringi sasa hivi. Shika breki ya mbele na usukume baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia mlio wa kugonga, shingo imelegea. Muuzaji anayekasirika ukifanya hivyo, muache. Ukimkuta fundi anakaza kila nati kwa koleo na nyundo, muache pia. Dai risiti yenye namba ya fremu.

Kuagiza mtandaoni kuna mahali pake. Tairi nzuri za 700C zenye kinga dhidi ya miiba, kaseti (seti za meno ya nyuma) za gia 10 na kuendelea, raba za breki za diski za aina maalumu, taa imara, viatu vya kufunga kwenye pedeli: hivi katika miji mingi yetu havipatikani, na kumsubiri mwenye duka avilete ni kupoteza muda wa wote wawili. Agiza, ila mpigie fundi picha ya kilichopo kwanza na umuulize kama kitaingia. Ukimpelekea kipuri ulichonunua kwingine, mlipe ufundi wake kamili, maana faida ya kipuri hakuipata, na usimdai dhamana ya kitu asichokiuza. Nisichokishauri kabisa kuagiza ni baiskeli ya bei ya chini yenye shokapu mbele na nyuma pamoja na breki za diski. Kwa bei hiyo kila kimoja kimefanywa kwa unafuu, uzito unazidi, na shokapu ya nyuma ikianza kucheza kwenye pini zake, hakuna kipuri chake.

Popote utakapoinunua, irudishe kwa fundi baada ya wiki tatu au kilomita mia moja hivi. Spoku zitakuwa zimetulia na kulegea kidogo, waya za gia na breki zimejikalia, na kranki ya kushoto inahitaji kukazwa tena. Hiyo ya mwisho usiiahirishe. Kranki ya alumini kwenye ekseli ya pembe nne ikiendeshwa imelegea, tundu lake linalika na kuwa duara, na baada ya hapo hata ukikaza vipi italegea tena. Ukisikia mlio wa "tik" kila unapokanyaga mguu wa kushoto, shuka, sukuma baiskeli hadi kwa fundi.