Nilivyoifanya taarifa yetu ya mwaka isomeke

Nilipoteuliwa kuingia bodi, ushauri ulimiminika na karibu wote ulikuwa wa hovyo. "Mwaka wa kwanza nyamaza, usome upepo." Mmoja, tena mwanamke mwenzangu, alinionya nisiguse taarifa ya mwaka, eti hiyo ni kazi ya menejimenti. Thubutu! Hesabu tunazisaini sisi wakurugenzi. Ukishatia saini, nani atakusikiliza ukisema hukuelewa?

Wanahisa wetu wengi ni wadogo: walimu wastaafu, wenye maduka, wajane waliorithi hisa. Taarifa waliyokuwa wakipewa ilikuwa nene, ya karatasi ya kung'aa, imekula mamilioni, na ukiimaliza hujui kama kampuni imepata faida au imeponea chupuchupu.

Kwanza nilikwenda kistaarabu. Niliandika waraka mrefu wa mapendekezo. Kikaoni ukapita kwa "tunampongeza mama kwa mchango wake", tukahamia ajenda ya magari.

Kikao kilichofuata nikaja na sentensi moja tu, nimeichapa kwa herufi kubwa: "Changamoto za ukwasi zilizojitokeza zilishughulikiwa kupitia uboreshaji wa muundo wa mtaji." Nikaomba kila mjumbe aniambie maana yake, nikianza na wale wanaopenda kuongea. Wa kwanza akasema tumeuza hisa mpya. Wa pili, tumebana matumizi. Wa tatu akauliza chai imefika wapi. Mwisho mkuu wa fedha akajibu, macho mezani: "Tulikopa benki ili tulipe mishahara."

"Kiasi gani?" akadakia mzee mmoja. Swali zuri sana, ila yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi.

Tangu siku hiyo, kila "ilishughulikiwa" na "ilibainika" tunauliza: na nani? Nami huanza kusoma nyuma, kwenye maelezo ya hesabu: wadaiwa, mikopo, biashara na ndugu wa wakubwa. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu kiitwacho IFRS 9, kilichoanza kutumika 2018, kinataka hasara ya madeni ikadiriwe kabla mdaiwa hajashindwa kulipa, kwa hiyo uliza makadirio yametoka wapi. Picha za mbele achana nazo. Tuliongeza muhtasari wa kurasa mbili. Uchapaji wake laki kadhaa, basi.

Sasa wananisifu kwamba wanawake ni wawazi kwa asili. Uongo mtupu; nawajua akina mama wanaoficha hesabu hadi mkaguzi anaomba maji. Kilichonisaidia ni kuja kwa mwanamke wa pili, mhandisi. Nikiwa peke yangu, swali langu lilichukuliwa kama "mama leo kaamkaje". Yeye aliporudia lilelile, likaingia kwenye kumbukumbu za kikao. Norway walitunga sheria mwaka 2003 ya kutaka kila jinsia ipate angalau asilimia 40 ya viti kwenye bodi za kampuni kubwa za hisa. Wakati ule niliwaona wanazidisha. Siku hizi nawaelewa.

Kwenye mkutano mkuu mwalimu mmoja mstaafu alisimama na zile kurasa mbili, akauliza kwa nini kampuni ya mkurugenzi wetu mmoja inadaiwa muda wote huo. Deni lilianza kulipwa robo iliyofuata.